Kodi ya miezi sita na mafuta ya kupima: uchambuzi wa kisa cha nyumba moja ya Segerea

Nyumba hii ina watu sita: baba, mama, watoto watatu na mdogo wake mama. Wamepanga vyumba viwili na sebule Segerea, Dar es Salaam, kwa 150,000 kwa mwezi, na kodi inalipwa miezi sita kwa mkupuo. Mama ni karani kwenye ofisi binafsi. Baba anaendesha bajaji ya mtu kwa hesabu, yaani kiasi cha kumpelekea bosi mwenye bajaji, ya 20,000 kwa siku. Ni kaya ya mfano, tumeiunda ili hesabu ionekane nzima, na bei tulizotumia ni za aina unayokutana nayo kwenye maduka na magenge ya mtaani. Ukiifuata nyumbani kwako, weka bei za kwako.

Lalamiko lao ni lile lile la nyumba nyingi: hela haikai. Hakuna mlevi humo ndani, hakuna anayebeti, nguo mpya ni za sikukuu. Wanajibana kweli, na bado kila baada ya miezi sita wanakopa.

Tuanze na kinachoingia, kwa sababu hapo ndipo kosa la kwanza lilipo. Mshahara wa mama kwenye mkataba ni 800,000. Makato ya NSSF ya asilimia 10 ni 80,000. Zinabaki 720,000 za kutozwa kodi, na kodi ya mapato hapo ni 60,000. Mkononi zinafika 660,000. Hiyo ni hakika. Ya baba haikuwa hakika, ila ilikuwa inahesabiwa kama hakika. Ukimuuliza analaza ngapi, anajibu elfu ishirini, baada ya hesabu na mafuta. Kwa kichwa ikawa 20,000 mara siku 30, yaani 600,000. Daftari la mwezi mmoja lilitoa jibu jingine: siku za kazi zilikuwa 25, na wastani wa kilichobaki ulikuwa 15,600. Jumla 390,000. Tofauti ya 210,000 haikuibwa na mtu. Ilikwenda kwenye tairi, oili, breki, siku mbili za gereji, siku ya mvua ambayo hesabu ya bosi ilidaiwa vile vile, na siku alizoumwa mgongo. Dereva hukumbuka siku nzuri kwa sababu ndiyo anayoiita siku ya kawaida. Kwa bajeti, kipimo ni wastani wa mwezi mzima pamoja na siku mbovu.

Kwa hiyo nyumba inaishi kwa 1,050,000. Hivi ndivyo Februari ilivyotoka, kila shilingi ikiandikwa jioni ile ile:

Hela ya kula inayoachwa mezani, 12,000 kwa siku, mwezi ukihesabiwa siku 30: 360,000
Daftari la dukani kwa Mangi: 95,000
Mkaa wa kopo na mtungi wa gesi wa kilo 6: 84,000
Umeme: 35,000
Maji: 25,000
Nauli, pamoja na boda ya mama hadi kituoni: 57,400
Shule (michango, madaftari, tuisheni): 46,000
Vocha na bando: 32,000
Makato ya kutuma na kutoa kwenye simu: 21,000
Misiba na harusi: 50,000
Wazazi kijijini: 40,000
Marejesho ya mkopo wa kila wiki: 110,000
Gharama za mikopo ya simu: 18,000
Sabuni, dawa, saluni na vidogo vidogo: 52,000

Jumla ni 1,025,400. Zinabaki 24,600, na nyumba inaonekana imesawazisha. Sasa tafuta kodi ya nyumba kwenye orodha hiyo. Haipo. Haipo kwa sababu mwezi huo hakuna aliyekuja kuidai, na hapo ndipo ugonjwa ulipo. Ukiiweka 150,000 mahali pake, matumizi yanakuwa 1,175,400 na pengo ni 125,400 kila mwezi. Halafu tazama mistari miwili ya madeni: 110,000 na 18,000, jumla 128,000. Pengo na gharama ya madeni vinakaribiana kabisa. Nyumba hii ingejitosheleza kama isingekuwa inalipia deni, na deni lilianza kwa sababu kodi haikuwa inatengwa.

Desemba ilikwenda hivi. Kodi ya 900,000 ilifika bila akiba. Walichukua mkopo wa 500,000 kwenye kampuni ya mikopo ya mtaani, ile watu wanayoiita kausha damu. Zikakatwa 30,000 za fomu na bima, mkononi zikaja 470,000. Zilizobaki 430,000 zilitoka kwenye mshahara wa Desemba. Januari ikaingia na mfuko mtupu, shule zinafunguliwa, na ndipo mikopo midogo ya simu ilipoanza: 20,000 leo, 30,000 Ijumaa, kulipa na kukopa tena wiki hiyo hiyo.

Ule mkopo wa wiki unastahili kuangaliwa kwa karibu. Rejesho ni 27,500 kwa wiki, wiki 24. Watalipa 660,000 kwa 470,000 walizopokea. Wengi husema riba ni 160,000 juu ya laki tano, kama asilimia 32, "siyo mbaya". Lakini laki tano haikukaa nao miezi sita. Kila wiki sehemu yake inarudi, na kufikia nusu ya safari watakuwa wanalipa riba ya laki tano nzima wakati nusu yake wameshairudisha. Ukipiga hesabu ya kile walichokuwa nacho kweli kila wiki, ni karibu asilimia 2.9 kwa wiki, sawa na asilimia 150 kwa mwaka.

Mwanzoni mwa Machi marejesho 10 yalishalipwa, bado 14. Wazo la kwanza la kila mtu ni kulimaliza deni haraka. Kabla ya hapo, uliza swali moja ofisini kwao: nikilipa leo yote, riba ya wiki zilizobaki inafutwa? Kwenye mikopo mingi ya aina hii haifutwi, unalipa 385,000 zile zile. Kama ni hivyo, hakuna faida ya kukimbia. Lipa kwa ratiba, usichelewe hata siku moja maana faini ndiyo inayouma zaidi, na ukipigiwa simu kuambiwa umestahili kuongezewa, kataa. Simu hiyo huja mkopo ukifika nusu, na huja siku ambayo nyumba imekauka. Kwa anayefikiria kuingia upya: Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania hutoa orodha ya wenye leseni. Asiyekuwemo hafai hata kusikilizwa.

Mikopo ya simu ni kinyume: hiyo ndiyo ya kuua kwanza. Deni lenyewe ni dogo, 45,000, lakini linazunguka, na kila mzunguko lina ada yake. Dawa yake ni kibubu cha 60,000 ambacho hakiguswi isipokuwa kwa yale yaliyokuwa yanapelekea kukopa: umeme umeisha usiku, mtoto ana homa, bajaji imepata pancha asubuhi. Kikiguswa kinarudishiwa kabla ya kitu kingine chochote.

Pesa ya kibubu itoke wapi? Hapa tunaingia jikoni.

Mafuta ya kula yalikuwa yananunuliwa kwa kipimo cha 500, kama mililita 60. Kwa mwezi vipimo 75, lita 4.5, shilingi 37,500. Dumu la lita 5 ni 27,000. Unaokoa 10,500 na nusu lita inabaki. Mchele kilo 25: dukani kwa kilo moja moja 2,800, kwa wa jumla Tandika 2,400, tofauti 10,000. Maharage kilo 10, kutoka 3,200 hadi 2,700, unaokoa 5,000. Sukari ya robo kwa 800 dhidi ya kilo kwa 3,000 ni tofauti ya 1,200 tu kwa mwezi mzima, ukiikosa usijisumbue. Nyanya, vitunguu, viazi na karoti vikichukuliwa sokoni Jumamosi badala ya gengeni kila jioni vinapunguza kama 12,000, kwa sharti kwamba vitunguu unachukua sado zima na nyanya za siku nne tu, tena mchanganyiko wa zilizoiva na zenye ukijani. Nyanya za wiki nzima zilizoiva zote huishia jalalani.

Vitu vinne vya stoku (mafuta, mchele, maharage na sukari kilo 6) ni 132,000 siku ya mshahara, na hapa nyumba nyingi huanguka. Stoku ipo ndani, na bado elfu kumi na mbili inaachwa mezani kila asubuhi kama zamani. Mwezi ukiisha wamenunua chakula mara mbili, na wanasema kununua kwa jumla hakusaidii. Vile vilivyonunuliwa kwa jumla vilikuwa vinakula kama 5,300 kwa siku kutoka kwenye ile 12,000. Kwa hiyo siku dumu linapoingia ndani, hela ya mezani inashuka hadi 6,700, na ya soko la Jumamosi inatoka humo humo.

Kosa la pili ni la mkono. Dumu likiwa wazi jikoni, chupa inainamishwa kwa raha. Kinga yake ni rahisi: chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, mstari wa kalamu ya maki kwenye lita moja na kidogo. Jumapili jioni inajazwa hadi mstarini, dumu linafungwa na kuwekwa chumbani kwa mama. Ikifika Alhamisi chupa imebaki robo, mpishi mwenyewe anaanza kuchemsha badala ya kukaanga, bila kugombezwa.

Daftari la Mangi lilihitaji kusomwa mstari kwa mstari. Kati ya 95,000, 38,000 hazikuamuliwa na mtu mzima: biskuti, juisi za pakiti, soda ya mgeni, mtoto katumwa chumvi akaongeza pipi. Bei ya deni dukani ni ile ile ya taslimu, kwa hiyo hasara haiko kwenye riba. Iko kwenye urahisi wa kuandikiwa. Hatushauri kulifunga daftari. Mangi ni bima ya mtaa. Siku msiba ukikukuta usiku ndiye atakayekupa unga na sukari. Mwambieni tu: mtoto akija bila kikaratasi, usimwandikie. Na mlipeni tarehe mliyoahidi. Hapo zinarudi 30,000.

Jumla ya jikoni na dukani kwenye karatasi ni 68,700. Sisi tunaiandika 50,000, kwa sababu kuna wageni, kuna kusahau, na bajeti isiyo na nafasi ya kukosea huvunjika wiki ya pili.

Nishati inahitaji uangalifu wa aina nyingine. Kopo la mkaa la 2,000 kila siku ni 60,000 kwa mwezi. Gunia la 70,000 likidumu siku 40 ni kama 52,500, afadhali kidogo tu. Faida kubwa iko kwenye maharage. Yaliyolowekwa usiku kucha, maji yakamwagwa, huiva kwa muda mfupi zaidi kuliko makavu. Na kilo moja na robo ikichemshwa Jumapili na Jumatano, ikagawanywa kwenye makopo ya friji, jiko la mkaa haliwashwi kila siku kwa ajili yake. Kwa nyumba hii inatoa 18,000 kwa mwezi, gunia na maharage kwa pamoja.

Kwenye umeme kuna imani kwamba ukinunua mwanzoni mwa mwezi unapata uniti nyingi. Kwa mteja wa T1, kundi la bei la matumizi ya kawaida, si kweli. Uniti ni 292, na ukiongeza VAT ya asilimia 18 na tozo za REA (umeme vijijini) na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) inafika kama 356, iwe tarehe mosi au tarehe 25. Ndiyo maana elfu kumi inatoa uniti 28. Ununuzi wa kwanza wa mwezi ndio hutoa kidogo, kwa kuwa hukatwa kodi ya jengo ya 1,500. Kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji ana haki ya kuihesabu kwenye kodi yake ya pango, na kwa miezi sita ni 9,000.

Nyumba hii ina mita yake na inatumia uniti kama 94. Kuna kundi jingine la bei, D1, la matumizi madogo ya nyumbani: hadi uniti 75 kwa mwezi kila moja ni 100, na makato yake inakuwa 122. Uniti 72 kwa D1 ni kama 8,800. Kwa T1 ni 25,600. Kutoka 94 hadi 72 kunahitaji mambo matatu. Pasi ya wati 1,000 ikiwashwa nusu saa kila asubuhi inakula uniti 15 kwa mwezi. Nguo za wiki zikipigwa Jumapili kwa saa moja na nusu zinashuka hadi 6. Birika la umeme lichemshe mara moja, maji yakae kwenye chupa ya chai. Na friji: bana noti kwenye mlango, funga, ivute. Ikitoka bila kukwama, mpira umechoka na mashine haipumziki. Kukishapita miezi kadhaa chini ya 75, mwenye mita anaomba TANESCO abadilishiwe kundi. Wataangalia rekodi ya manunuzi. Mkipita 75 mkiwa D1, kila uniti ya ziada inapanda hadi 350 kabla ya makato, na mkizoea kuvuka mnarudishwa T1. Nyumba za wapangaji wengi wenye luku moja hazifaidiki na hili, maana matumizi yao yanajumlishwa, na submita haibadilishi kundi la mita kubwa. Kwa miezi ya mwanzo tunahesabu akiba ya uniti tu: 8,000.

Mengine kwa haraka. Makato ya simu yalikuwa yanatokana na baba kumtumia mama vihela vya siku, mama naye anakwenda kutoa kwa wakala. Baba akikabidhi taslimu jioni na mama akitoa mshahara kwa mafungu makubwa machache, zinaokolewa 12,000. Boda ya asubuhi ikiachwa siku nyingi, 10,000. Michango iwekewe kikomo cha 40,000, misiba ikitangulia, harusi kwa awamu na kadi ichaguliwe kwa uwezo, hapo 10,000. Ya wazazi haiguswi.

Jumla ya akiba zote, kuanzia jikoni: 108,000. Ongeza zile 24,600 zilizokuwa zinayeyuka, ni 132,600. Machi inalipa mikopo ya simu 45,000, inajaza kibubu 60,000, na 27,600 zinaingia kwenye akaunti ya kodi, ambayo haina kadi wala haijaunganishwa na simu. Kuanzia Aprili ada za mikopo ya simu, 18,000, nazo zimeachiliwa, kwa hiyo kinachowezekana ni 150,600 kwa mwezi. Juni marejesho mawili tu ya wiki ndiyo yaliyobaki, na 55,000 zinarudi nyumbani. Kwenye karatasi, mwisho wa Juni akaunti ya kodi ina 534,400.

Lakini Aprili ni masika. Barabara za ndani za Segerea zinajaa, bajaji inalala, bosi anataka hesabu. Tumemkata baba 90,000 mwezi huo, na Juni inakuta 444,400. Haitoshi hata kwa miezi mitatu. Zinakosekana 5,600, ambazo kibubu kinazimudu. Kwa miezi sita pengo lingekuwa 455,600, na hapo ndipo mtu hurudi kausha damu. Kwa hiyo kazi muhimu kuliko dumu la mafuta ni ujumbe kwa mwenye nyumba, na upelekwe mwanzoni mwa Mei, si tarehe 29 Juni: "Shikamoo mama. Kodi yetu inaisha tarehe 30 Juni. Tunaomba awamu hii tulipe miezi mitatu, 450,000, tarehe 28 Juni, na mitatu mingine mwishoni mwa Septemba. Tumekaa miaka mitatu, hatujawahi kukuchelewesha." Aende baba na mama pamoja, na makubaliano yaandikwe. Akikataa kabisa, ombeni kwanza mkopo wa mshahara usio na riba kwa mwajiri, kisha SACCOS ya kazini, au zamu ya mchezo wa upatu kwa kukubaliana na kijumbe mapema.

Julai nyumba ina 110,000 za kila mwezi zilizokuwa zinakwenda kwenye marejesho. Sehemu inaendelea kwenye kodi, ili Desemba ikute angalau miezi minne. Sehemu inunue mahindi, maana mavuno yameingia sokoni na bei iko chini kuliko itakavyokuwa Januari. Gunia likifika, kabla ya kulipia, tia konzi ya mahindi na chumvi kavu kwenye chupa kavu, tikisa, acha kidogo. Chumvi ikinata kwenye kuta za chupa, mahindi yana maji, yataota ukungu na sumukuvu. Yakiwa makavu, yaingie kwenye mifuko ya kinga njaa (ya tabaka zisizopitisha hewa), hewa ikamuliwe, kila mfuko ufungwe peke yake, na usifunguliwe ovyo. Sagisha dona ya wiki mbili tu kwa wakati, kwa kuwa kiini chake kina mafuta na unga wake huchacha mapema kuliko sembe.